Papa Numbi Abisha Hodi Ardèche

Imetangazwa rasmi, katika kijarida cha kurasa za rangi kilichotolewa na ofisi ya utalii ya Saint-Félix-du-Roc, mkoani Ardèche, kusini mwa Ufaransa, kwamba maporomoko, mapango, misitu, magenge na mawe ya kale ya eneo hilo yako wazi kwa watu wote, siku zote, pasipo kiingilio, pasipo ruhusa na pasipo utaratibu wa aina yoyote. Tamko hilo limetiwa saini na Meya mwenyewe, ambaye chini ya saini yake ameongeza maneno ya kumaliza shaka ikiwa bado ipo: "Hapa mko nyumbani. Hakuna haja ya kubisha hodi."

Kijarida hicho kilifika Brussels mwanzoni mwa mwaka 1996. Kilisomwa kwa sauti katika ukumbi wa parokia ulio nyuma ya Basilika, Koekelberg, mbele ya familia za Katanga ambazo kila mwaka, siku za mapumziko ya Kupaa Bwana, hukodi basi na kwenda mahali. Waliosikiliza walifurahi, isipokuwa mmoja. Kwa bahati nzuri au mbaya, huyo mmoja ndiye aliyekuwa amechaguliwa kuongoza safari.

"Hapana," alisema Papa Numbi. "Pa bantu habaingiake vile."

Aliyekuwa akisoma ni Kabeya, mtumishi wa kampuni ya bima, mtu wa tai na kalamu mbili mfukoni. Alishusha kijarida. "Papa Numbi, iko imeandikwa. Haina haja ya kubisha hodi. Meya njo mwenye anasema."

"Mama mukwe wangu pia alisemaka vile. Numbi, mutoto yangu, usibishake hodi, hapa ni kwako. Weye ungeingia bila kubisha?"

Ukumbi ulicheka. Antoinette, mke wa Numbi, hakucheka, kwa kuwa mama mkwe aliyetajwa alikuwa mama yake, na alijua kwamba jibu lilikuwa la kweli.

Hapa ni lazima tueleze kidogo Papa Numbi alikuwa nani, maana kwa kumtazama tu usingejua. Alikuwa msimamizi wa jengo la ghorofa huko Berchem-Sainte-Agathe. Alifagia ngazi, alibadilisha taa, alitoa mapipa ya taka usiku wa kuamkia siku ya kuzoa taka na kuyarudisha asubuhi. Watu wa ghorofa zote walipita mbele ya dirisha lake wakitoka na kuingia, na wengi wao walimsalimu jinsi mtu anavyolisalimu sanduku la barua. Hakuwalaumu. Aliwasalimu yeye, kwa majina yao kamili, na wale waliochoka kusalimiwa walijifunza kushukia mlango wa gereji.

Kabla ya hapo, Likasi, aliuza tiketi kwenye stesheni ya reli. Na kabla ya kuuza tiketi alikuwa mtoto wa mtu ambaye, alipohamishwa kikazi kutoka mji mmoja hadi mwingine, hakufungua hata sanduku moja kabla ya kwenda kwa mkubwa wa mahali, jogoo mkononi, kusema: nimefika, naitwa fulani, ni mtoto wa fulani, nitakaa hapa, ukinisikia vibaya uniite. Numbi mdogo alikuwa akitembea nyuma yake, akibeba chupa. Lilikuwa jambo la kawaida kama kunawa mikono.

Kwa hiyo alipofika Ubelgiji, wiki ya kwanza, Numbi alivaa suti, akachukua kitenge cha wax na chupa ya pombe kali, akaenda kwenye komini, yaani ofisi ya manispaa, kumsalimu bwana meya. Pale mlangoni alipewa karatasi yenye namba. Alikaa. Namba yake ilipoitwa, alieleza shida yake kwa binti mmoja mwenye adabu sana, ambaye alimsikiliza hadi mwisho kisha akamwomba pasipoti na picha ndogo mbili. Bwana meya, alisema binti, hayuko kwenye dirisha hili. Yuko dirisha lipi? Binti alifikiri. Alikuwa hajawahi kuulizwa.

Numbi alipata vibali vyake vyote, kwa wakati, bila tatizo. Alirudi nyumbani na kitenge chake. Zaidi ya miaka kumi na sita baadaye bado alikuwa akisema, si kwa uchungu, bali kama mtu anayetaja aina ya damu yake: "Mi niliingia hii inchi kwa dirisha. Mulango, hakuna muntu alinifungulia."

Basi pale ukumbini alisimama akaweka sharti. Akiongoza yeye, kundi halitagusa jiwe, halitachovya mguu mtoni, halitapiga picha hata moja, kabla hajaenda mbele ya mwenye nchi kusema wamefika. Mara moja tu katika maisha yake, alisema, alitaka kuingia kwa wazungu kwa mlango, na Graciella aone.

Graciella, binti yake wa miaka kumi na sita, mzaliwa wa Brussels, alikuwa kwenye kiti cha nyuma akiomba kimoyomoyo sakafu ya parokia ipasuke.

"Bon," akasema Kabeya, ambaye tangu zamani alitaka safari ya Disneyland. "Tupatane. Kama ule meya anakupokea vizuri, sawa vile unasema, weye njo utaongoza kila mwaka mpaka uchoke. Mais, kama anakucheka, ao anakufukuza na jogoo yako, mwaka kesho minaongoza mimi. Na tunaenda kuona Mickey."

"Sawa," akasema Numbi.

Jogoo alinunuliwa sokoni Anderlecht, penye machinjio, ambako kuku bado huuzwa wazima. Alikuwa mwekundu, mzito, mwenye tabia ya kumtazama mtu kama hakimu. Alisafiri katika boksi la ndizi lililotobolewa matundu, katikati ya sufuria za ugali wa bukari, samaki wa chumvi wa makayabu, na kreti ya bia ambayo ilikuwa sehemu ya zawadi na ambayo Numbi aliikalia mwenyewe mpaka Lyon. Kwenye mpaka, afisa wa forodha aliingia, akakagua vitambulisho, akafungua boksi. Alimtazama jogoo. Jogoo akamtazama. Katika mpaka wa nchi ambayo jogoo ni nembo yake, hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kusema neno. Afisa alifunga boksi na kuwatakia safari njema.

Walifika jioni ya Alhamisi, wakalala katika nyumba ya wageni iliyokuwa zamani zizi la kondoo. Asubuhi ya Ijumaa, Numbi alivaa suti ile ile aliyoivalia komini, akachukua jogoo kwapani, akaliongoza kundi zima hadi ofisi ya meya. Ilikuwa nyumba ndogo ya mawe, bendera juu, maua dirishani. Mlangoni pamebandikwa tangazo: ofisi hufunguliwa Jumanne asubuhi na Alhamisi mchana, isipokuwa sikukuu. Jana ilikuwa Alhamisi, na ilikuwa sikukuu. Na leo, kama kila Ijumaa inayofuata Alhamisi ya Kupaa, Ufaransa nzima ilikuwa imejipa likizo ya kuunganisha sikukuu na wikendi.

Kabeya alisoma tangazo hilo polepole, kwa raha.

"Inaonekana," alisema, "mwenye inchi hayuko."

Kando ya ofisi palikuwa na kibanda cha utalii, na ndani yake kijana mmoja, Jérôme, mwenye fulana iliyoandikwa jina la mkoa. Ndiye aliyeandika kijarida. Aliona suti, akaona jogoo, akaona nyuma yake akina mama wenye vitenge na watoto wenye viatu vya mpira vya kuogelea.

"Karibuni," alisema. "Maporomoko ni kushoto, pango ni kulia. Ni bure."

"Asante," alisema Numbi kwa Kifaransa chake cha stesheni, kilichonyooka kama reli. "Tunamtafuta Meya kwanza."

"Kuna malalamiko?"

"Hapana. Tumefika."

Jérôme alisubiri sentensi iendelee. Haikuendelea. "Ndiyo," alisema. "Naona. Lakini hakuna haja, bwana. Ni wazi kwa wote. Iko kwenye kijarida."

"Nimekisoma. Yuko wapi?"

Meya, Jérôme alieleza, ni Madame Anne-Marie, mfuga mbuzi. Kijiji ni kidogo, hakina fundi wala karani wa kudumu, kwa hiyo kinachoharibika hutengenezwa na Meya. Leo hayupo kabisa: ameshuka mjini, mkutano wa bei ya jibini. Kesho, labda, asubuhi, atakuwa kule juu ya maporomoko, bomba la maji la kijiji limeziba.

Hivyo Ijumaa ilipita wakiwa wamekaa nje ya zizi, wakitazama milima kwa mbali kama watu walio nje ya uzio wa harusi. Mto ulisikika. Haukuguswa. Bienfait, mtoto wa Kabeya, mwenye miaka tisa, aliuliza kama mawe ya barabarani pia ni ya Meya. Numbi alifikiri, akajibu kwamba ya barabarani ni ya serikali, anaweza kuyachezea.

"Papa," alisema Graciella jioni hiyo, kwa Kifaransa, akiosha sahani kando ya baba yake. "Na akikucheka?"

"Atakuwa amecheka."

"Mbele ya watu wote?"

"Weye unaona haya?"

Jibu lilikuwa kwenye namna alivyokuwa akisugua sufuria.

Jumamosi asubuhi wakaanza safari ya maporomoko. Lakini Numbi alisimama kwanza mbele ya kundi, akaweka jambo wazi. "Munisikie. Hatuko natembea. Hatuyaanza bado kutembea. Tunatafuta mwenye inchi. Kama iko kintu kizuri mu njia, tunapita tu. Tutakiona kiisha kumusalimia."

Kundi lilikubali, na njia ikaingia katika msitu wa michesti, miti ya njugu za kuchoma, mikubwa, yenye mashina yaliyopindana kama nguo zinazokamuliwa, na chini yake nyasi za masika zilizojaa maua meupe. Hawakuutazama. Mtu mmoja mmoja alisikika akivuta pumzi. Kisha mlio wa maji ukakua, miti ikaachana, na mbele yao ukuta mzima wa mwamba mweusi ukawa unamwaga maji meupe katika bwawa la kijani, upinde wa mvua ukiwa umesimama katikati kana kwamba umeajiriwa pale.

Maman Kasoki, ambaye alikuwa mtu wa Butembo na si wa Katanga, lakini alikuwa amealikwa kwa sababu ya mkono wake wa kupika, alisimama. "Yesu Maria," alisema taratibu.

"Hatujaiona, maman," alisema Numbi.

"Hatujaiona," alikubali Kasoki, macho yakiwa wazi kabisa.

Meya hakuwepo. Palikuwa na bomba jipya na nyayo za buti, na mwanamume aliyekuwa akivua samaki aliwaambia Madame ametoka sasa hivi, ameitwa kule kwenye jiwe la kale, gari la Wajerumani limekwama. Ili kwenda huko ilibidi kuvuka kijito kinachotoka bwawani. Watu walivua viatu. Bienfait alivuka mara tatu, kwa maelezo kwamba alisahau kitu ng'ambo, kisha akakisahau tena.

Jiwe la kale lilikuwa meza ya mawe: bamba moja kubwa kama sakafu ya chumba, limelazwa juu ya mawe mengine yaliyosimama, katikati ya vichaka vya miiba. Kijarida kilisema lina umri wa miaka elfu tano na kwamba ni kaburi. Gari la Wajerumani lilikuwa limeshakwamuliwa, na Wajerumani wenyewe walikuwa wakinywa kahawa kivulini mwa wafu. Madame? Amekwenda pangoni, wana wageni wa shule wanangoja ufunguo.

Hapa Numbi alifanya jambo ambalo Graciella alilikumbuka baadaye. Alivua kofia mbele ya lile jiwe na kusema kitu kifupi kwa Kiluba. Kabeya aliuliza kama hiyo siyo kutalii. "Ni wazee ba hapa," alisema Numbi. "Kusalimia si kutalii." Wajerumani walisimama, nao wakavua kofia, kwa kuwa walidhani ni sheria ya mahali.

Pangoni, Meya alikuwa amefungua na kuondoka. Aliyekuwa mlangoni alisema huenda akawa njiani ndani, maana pango lina mlango mwingine upande wa pili na Madame hupenda kukatisha. Basi wakaingia. Walitembea katika baridi na giza lenye taa chache, wakipita nguzo za mawe zilizoshuka kutoka juu na nyingine zilizopanda kutoka chini, mapazia ya mawe yaliyong'aa, kidimbwi kilichotulia kiasi kwamba Antoinette alikitia mkono ili kujua kama ni maji. Walitoka upande wa pili wakiwa na udongo mwekundu mpaka magotini, na Meya hayuko. Hakuna aliyesema neno juu ya walichopita. Wote walikuwa na sura ya watu waliotoka kupokea komunyo.

Toka hapo njia ilipanda mpaka ukingo wa genge, ambako mtu angeweza kuona, au kutoona, mto ukijipinda chini kabisa kama mkanda uliotupwa kitandani, mitumbwi ya plastiki ikielea kama peremende, na ng'ambo milima juu ya milima hadi bluu ikaisha. Watalii wawili wa Kiholanzi walikuwa wakilipiga picha genge. Walipomwona mtu wa suti mwenye jogoo, waligeuza kamera. Kamera zao hazikurudi tena kwenye genge.

Graciella alikuwa amekaa mbali kidogo na wengine, kama alivyotembea kutwa, nyuma kwa umbali ambao mtu angeweza kudhani amekuja peke yake. Alimwona baba yake amesimama ukingoni, suti imejaa miiba, viatu vya Jumapili vimepasuka upande, akimkinga jogoo na upepo kwa koti. Alikuwa amegeuzia mgongo mandhari yote. Alikuwa akitimiza ahadi, wala hakuna aliyekuwa akimkagua.

"Papa Numbi," alisema Kabeya, akikaa juu ya jiwe na kuvua kiatu. "Basi. Tumechoka. Kesho asubuhi tunarudia Brussels. Kubali."

Kisha Antoinette, ambaye miguu ilikuwa imemvimba na subira imekwisha, alisema: "Mbona munamufuata mu milima yote sawa polisi? Ule maman eko na mbuzi. Jioni lazima akamue. Twende tumungoje ku kwake, iko kiti huko."

Walimkuta katika zizi lake la mbuzi. Mwanamke mfupi, mwenye umri kama wa Numbi, nywele zimefungwa kwa kitambaa, mikono iko chini ya mbuzi. Aliinua macho na kuona mlango wa zizi umejaa watu. Katikati yao suti, na katikati ya suti jogoo.

Kabeya alitoa kamera. Alikuwa ameiweka tayari kwa ajili ya kicheko.

Numbi hakusogea. Alisema kwa sauti ndogo, "Graciella. Kuya hapa."

"Mimi? Juu ya nini?"

"Muntu hasemake na mukubwa kinywa kwa kinywa. Analeta musemaji. Baba yangu alinibebesha chupa, sikuwa na Kifaransa. Weye uko nacho."

"Papa, lakini unajua Kifaransa kuliko mimi."

"Najua. Kuya."

Akaja. Akasimama kati ya baba yake na Meya wa Saint-Félix-du-Roc, akinuka pango. Numbi akaanza kusema kwa Kiswahili, polepole, kwa sauti ya stesheni, sentensi moja moja, na yeye akazigeuza.

"Baba yangu anasema: hodi."

Meya aliacha kukamua.

"Anasema: naitwa Numbi, mtoto wa Kyungu, wa Likasi. Hawa ni watu wangu. Tumefika kwako juzi. Anaomba radhi, tulikuja ofisini, palikuwa pamefungwa. Tumekutafuta ili tusitembee kwako kama wezi. Tukikosea kitu, usiwaite polisi, umwite yeye. Na anasema hatukuja mikono mitupu, kreti ya bia iko kwenye basi."

Jogoo alinyooshwa. Kabeya alisikika akizungusha lenzi.

Anne-Marie aliinuka. Hakumchukua jogoo. Alikwenda kwenye birika la maji, akanawa mikono mpaka kwenye viwiko, akaikausha, akafunga kifungo cha juu cha shati lake, akarudi. Ndipo akampokea jogoo kwa mikono yote miwili, akampima uzito, akaufunua ubawa kutazama ngozi.

"Huyu ni mzuri," alisema. "Mwambie baba yako huyu ni jogoo mzuri sana."

Numbi, ambaye alikuwa ameelewa, alisubiri aambiwe. Graciella akamwambia. Numbi akainamisha kichwa.

"Mwambie," aliendelea Meya, "huu ni mwaka wangu wa kumi na tatu. Wageni huja kwangu kuuliza choo kiko wapi. Huja kulalamika kwamba kengele ya kanisa inalia na mbuzi wananuka. Hajawahi kuja mtu kuniambia kwamba amefika." Alitafuta neno. "Mwambie nimesikia. Mwambie karibuni."

Graciella aligeuza neno hilo kwa baba yake, karibuni. Halafu, bila kuambiwa na mtu, aligeuka tena kwa Meya. "Na mimi naitwa Graciella," alisema. "Mtoto wa Numbi. Wa Berchem-Sainte-Agathe."

"Nimefurahi," alisema Meya, akampa mkono.

Kisha alitoka nje, jogoo kwapani kama vile Numbi alivyombeba, akawaonyesha nchi kwa mkono ulio huru. Kutoka maporomoko mpaka mto wa chini ya genge, ni yake kukaribishia wageni. Ng'ambo ya mto huo ni kijiji kingine, na meya wa kule si mtu wa kusalimiwa, ana kesi naye ya maji. "Mmeshaona nini mpaka sasa?" aliuliza.

"Hatuyaona kintu," alisema Numbi.

"Bado hatujaona kitu," alisema Graciella.

Anne-Marie alitazama suruali ya Bienfait iliyolowa. Alitazama udongo mwekundu wa pango kwenye vitenge, miiba ya lile jiwe kwenye suti, vumbi la genge kwenye suruali ya Kabeya. Alizitambua sehemu zote, moja baada ya nyingine, kama mtu anayeitambua mifugo yake kwenye zizi la jirani.

"Hamjaona kitu," alikubali. "Basi nawaruhusu. Nendeni mkaone."

Kesho yake asubuhi, kabla ya basi kuondoka, walikwenda kwenye maporomoko kwa mara ya kwanza. Maman Kasoki alishangaa upya, neno kwa neno. Papa Numbi alivua viatu vyake vilivyopasuka, akakunja suruali ya suti, akaingia majini mpaka magotini, akakaa humo muda mrefu, mikono kiunoni, kama mtu anayekagua ukumbi uliokodiwa kwa ajili yake. Graciella alisimama kando yake, karibu kiasi kwamba hakuna ambaye angeweza kudhani amekuja peke yake. Kila mpita njia aliyekuja alisalimiwa na wote wawili.

Kabeya hakuizungumzia Disneyland tena, ingawa mwanawe aliizungumzia sana. Picha aliyoipiga zizini ilitokea vizuri. Iko kwenye chumba cha msimamizi huko Berchem-Sainte-Agathe, upande wa ndani wa dirisha, na imegeuzwa kutazama nje, ili wanaopita waione: mwanamume mwenye suti, binti, mwanamke mwenye jogoo. Wote watatu wamesimama wima kama watu wanaotia saini mkataba. Nyuma yao, mbuzi mmoja ndiye anayecheka. Mpangaji mmoja wa ghorofa ya nne, ambaye kwa miaka alikuwa akishukia gereji, alisimama siku moja kuuliza ile ni sherehe gani. Aliambiwa, kwa kirefu. Sasa hupita mlango wa mbele, mara nyingine na mgeni, na humwonyesha.

Mwaka uliofuata ofisi ya utalii ya Saint-Félix-du-Roc ilichapisha kijarida chake upya. Picha zilibadilika, lakini tamko lilibaki lile lile, na saini ile ile: wazi kwa wote, pasipo ruhusa, pasipo utaratibu wowote, hakuna haja ya kubisha hodi. Mwaka huo Alhamisi ya Kupaa iliangukia tarehe nane Mei, ambayo Ufaransa husherehekea mwisho wa vita, yaani sikukuu mbili kwa siku moja. Basi la kutoka Koekelberg liliingia kijijini karibu na magharibi. Mlango wa ofisi ya meya ulikuwa wazi.